Mwanarusi na Nambari ya Mumewe

Bibi harusi aliyepakwa hina hawezi kujikuna pua, seuze kushika kijiko. Hukaa mkekani, viganja ameviinua juu, akangoja rangi ikolee. Na mtu aliye karibu naye ni yule aliyempaka, anayemlisha, anayempangusa jasho na kumsikiliza. Ndiyo maana hapa Msambweni mpambaji wa maharusi hujua mambo ambayo mama mzazi hayajui. Na kwa muda mrefu mpambaji aliyetakiwa kuliko wote alikuwa jirani yangu Mwanarusi, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito.

Alizaliwa Bodo na kazi alifunzwa na shangazi yake, ambaye alimpa sharti kabla ya kumpa hina: neno lisemwalo kwenye mkeka hukunjwa pamoja na mkeka. Mwanarusi alilishika. Wasichana walimweleza hofu zao, maradhi yao, na majina ya wanaume wasiowaoa. Naye aliyabeba yote, asiyatue popote. Tumekaa mlango kwa mlango tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na sikupata kumsikia akitaja neno la mwanamke mwingine.

Kilichomshinda ni wivu. Mumewe, Jaafar, ni fundi wa majokofu katika hoteli za Diani, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole na kitambi kinachoanza. Mwanarusi alikuwa hafui shati lake kabla ya kulinusa. Nasi tulipomtania alikuwa akitujibu kwa utulivu kwamba yeye hana wivu, ila anailinda mali ya watoto wake. Hanifa, dada yake Jaafar, ndiye aliyemtania kuliko wote, kwa kuwa wifi ana haki hiyo.

“Wifi,” alikuwa akimwambia, “ukimnusa sana kaka yangu utammaliza harufu.”

Lakini wivu ule ulikuwa na asili yake. Mwanarusi alikwisha kuwapamba wake wa pili wengi. Alijua jinsi mipango ilivyofanywa, nani alipewa taarifa na nani alifichwa, na kwamba mke wa kwanza ndiye aliyepata habari mwisho, mara nyingi akiwa anapika chakula cha mgeni asiyejua ni mkwe wa nani. Aliuona ukewenza kutoka upande wa jikoni, nao ukamtia hofu ambayo mume mwema hawezi kuiondoa kwa wema wake tu.

Mwaka jana hofu hiyo ilipata chakula. Jaafar alianza kutoka nje kila simu yake ilipolia, akawa anazungumza barazani huku ameligeuzia dirisha mgongo. Akanunua kanzu mpya. Siku moja ya kazi alioga, akaifukiza kanzu ile kwa udi, kwa mkono wake mwenyewe, akasema anakwenda Matuga. Mwanarusi alikuja kwangu akiwa ametulia kwa namna iliyonitisha. Aliniuliza, kama anayeuliza njia, kama nimepata kusikia kwamba kuna hoteli Matuga. Nilimwambia kwamba ninayojua huko ni maofisi na mashamba. Akatikisa kichwa.

“Basi hilo jokofu,” alisema, “lazima liwe linavaa leso.”

Wakati huo ndipo ilipozuka habari ya tovuti ya Posa Njema.

Ilikuwa tovuti ya Waislamu wa pwani waliotaka kuoa au kuolewa kwa adabu, pasipo kutangatanga. Mtu alitoa picha yake, akaeleza kama aliwahi kuwa na ndoa, na kama iliisha, iliisha kwa nini. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa: Siri yako ni amana kwetu. Neno amana si neno la kuchezea. Anayelitamka mbele ya Waislamu amejifunga mbele ya Mungu. Lakini waliolitamka walikuwa wameyaweka mambo ya watu katika ghala lisilo na komeo, na wezi waliingia, wakakomba kila kitu, wakakimwaga mtandaoni. Watu wa Posa Njema walituma ujumbe mmoja wa kusikitikia “usumbufu uliojitokeza”, kana kwamba maji yalikatika.

Kisha akatokea mtu, hata leo hajulikani, akatengeneza ukurasa mwepesi: unaandika nambari ya simu, nao unakujibu kama nambari hiyo imo au haimo. Alidai kwamba anawasaidia wake wa watu. Ukurasa ulienea Ukunda mzima, ukafika Msambweni kabla ya adhuhuri, na wanawake wenye akili zao wakawa wanaandika nambari za waume, za wakwe, hata za walimu wa madrasa.

Mimi nilisomea sheria, ingawa siku hizi nafundisha, na nimewasikia wasomi wenzangu wakisema kwamba jambo likishakuwa wazi halina mwenyewe. Kwamba aliyeiba ndiye mwenye dhambi, na anayetazama hana lake. Nauliza: mwizi akivunja mlango wa jirani, je, mlango huo umegeuka kuwa njia? Tutapita sote, tufunue kitanda, tupekue kabati, kisha tutoke tukisema kwamba sisi hatukuvunja? Watoto wetu tunawafunza kupiga hodi mara tatu na kurudi wasipoitikiwa, hata kama mlango uko wazi. Zaidi sana ukiwa wazi.

Aliyemletea Mwanarusi ukurasa ule alikuwa Kavindu, anayeuza mitumba karibu na hospitali. Kwao ni Ukambani, lakini wazazi wake walihamia zamani huku pwani, kwenye mashamba yaliyogawiwa na serikali, na yeye ni mwenzetu. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa amekwisha kumtafuta mumewe mwenyewe, hakumkuta, akawa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

“Weka tu namba, dada,” alisema. “Kama bwanako ni msafi, si utalala poa?”

“Na kama si msafi?”

“Si basi utajua. Kwani mtu asiye na makosa anaogopa nini?”

Nilikuwepo. Nilimwambia Kavindu kwamba hakuna asiye na la kuficha. Ndiyo maana nyumba zina milango nasi tuna nguo. Akacheka, akasema mwalimu hata kwenye umbea anafundisha. Mwanarusi hakucheka. Alikuwa ameishika simu ya Kavindu kwa mikono miwili, kama anayeshika bakuli la maji ya moto. Kisha akaandika.

Nambari ya Jaafar ilikuwemo. Ukurasa haukusema zaidi ya hayo: imo, na mji ni Msambweni.

Sikupata kuona uso ukibadilika hivyo. Hakulia. Alianza kuzipanga dalili zake, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga vyombo vya harusi: simu za barazani, kanzu, udi, Matuga. Zote zilikaa mahali pake. Alisema angalimsamehe kama angalimwambia, na sote watatu tulijua kwamba asingalimsamehe.

Jaafar aliporudi baada ya alasiri alimkuta mkewe ameketi kwenye kizingiti, kanzu mpya ameitandaza mbele ya miguu yake. Nyumba zetu zimegusana. Yaliyosemwa niliyasikia bila kutaka. Mwanarusi alimuuliza nambari yake inatafuta nini Posa Njema. Jaafar alisema kwamba hatafuti mke, na kwamba aliapa kunyamaza.

“Uliapa kwa nani?”

“Siri si yangu, Mwanarusi. Ingekuwa yangu ningekwambia.”

“Ni ya nani? Ya huyo wa Matuga?”

“Subiri kidogo. Nakuomba subira, sikuombi kingine.”

Hilo ndilo lililommaliza. Kwa mwanamke anayeona wivu, siri isiyo ya mumewe ni lazima iwe ya mwanamke mwingine. Na kwa kweli ilikuwa ya mwanamke mwingine, ndiyo maana naona uchungu kulieleza jambo hili. Mwanarusi aliingia ndani, akaandika nambari ya mumewe kwenye kundi la wanawake wanaochangiana arusi, wa kutoka Diani hadi Lunga Lunga. Aliandika kwamba mwenye nambari hiyo ni bwana wake, naye anaposa Matuga. Aliye na mafaili kamili ya Posa Njema amfanyie hisani amtajie mwenziwe ni nani, apate kumpaka hina yeye mwenyewe.

Maneno yale yalikuwa makali na ya kuchekesha, nayo yakasambaa. Haukupita muda, mmoja wa wanakundi, mtu ambaye Mwanarusi hakuwahi kumwona, aliyapekua mafaili na kuuleta ukurasa wote.

Kavindu ndiye aliyeuona kwanza. Alikuja mbio na safari hii hakuwa na mzaha.

“Mwanarusi, si bwanako,” alisema. “Ni Hanifa.”

Hanifa aliachwa na mumewe huko Lunga Lunga, akarudi kwa kaka yake akiwa na sanduku na cherehani. Tangu siku hiyo alivaa nikabu, na hapana mwanamume wa kando aliyeuona uso wake. Mji wetu una ulimi mkali kwa mtalaka anayetafuta mume. Husemwa kwamba anajitembeza. Basi alitafuta kwa heshima, kwa siri, kupitia tovuti iliyojiita amana. Na kwa kuwa mwanamke katika dini yetu haolewi bila walii wa kumwozesha, na baba yake amekufa, walii wake ni Jaafar. Posa Njema walitaka nambari ya walii, si ya mwanamke, ili kila mchumba aanzie kwake. Ndiyo maana nambari ile ilikuwemo. Jaafar alikuwa akizungumza barazani na wachumba wa dada yake. Kanzu na udi vilikuwa vya kwenda Matuga kuonana na mmoja wao, Mbwana, ofisa wa kilimo aliyefiwa na mke, ambaye aliomba jambo lisitajwe mpaka awaandae wanawe.

Sasa uso wa Hanifa ulikuwa katika simu za watu asiowajua. Chini ya picha, mahali palipoulizwa sababu ya kuachwa, alikuwa amejibu kwa maneno machache: Sikujaliwa mtoto.

Wanawake wale waliokuwa wakicheka waliandika pole, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefuta picha kabla ya kuitazama vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mwizi simjui, na mwenye tovuti amejificha nyuma ya wakili. Lakini walioifungua picha ile nawajua. Wengine huswali nao safu moja.

Mwanarusi alimwambia mumewe, kwa sauti iliyokwisha nguvu, kwamba angalimweleza tu, haya yote yasingalitokea.

“Na wewe,” alisema Jaafar, “ya maharusi wako umepata kunieleza hata moja?”



“Nami sikupata kukuuliza,” aliendelea Jaafar. “Nilijua ni ya mkekani.”

Nilitaraji Hanifa angepiga kelele, angehama. Hakufanya hivyo. Alifunga mlango wa chumba chake cha uani na cherehani ikawa inalia mchana kutwa. Mwanarusi alikwenda mlangoni, akapiga hodi mara tatu, hakuitikiwa, akarudi. Kesho yake akarudia. Siku Hanifa alipoitikia, alimkaribisha, akamsikiliza, akamsamehe kwa maneno kamili, kama dini inavyotaka. Ila baada ya hapo hakumtania tena juu ya kumnusa kaka yake.

Mbwana hakuvunja posa, namsifu kwa hilo. Lakini dada zake walisema hawawezi kuingia kwenye arusi ya mwanamke ambaye uso wake umeonwa na vijiwe vyote vya bodaboda, na mwanawe mkubwa alionyeshwa picha na wenzake shuleni kabla baba hajapata maneno ya kumwambia. Basi arusi ikawa ndogo, pasi na ngoma, wachache wa nyumbani tu.

Siku ya hina, Mwanarusi aliamka mapema, akalisaga jani, akachanganya na ndimu na mafuta ya karafuu. Hapana aliyemtuma, ni kazi yake, na bibi harusi ni wifi yake. Alikuwa ameukunjua mkeka ule wa Bodo aliourithi kwa shangazi yake. Ndipo ilipoingia tuktuk kutoka Ukunda, akashuka mwanamke mgeni mwenye mkoba wa hina ya bomba iliyokorogwa tayari, akamsalimu na kuuliza bibi harusi yuko chumba gani.

Mwanarusi alimwonyesha. Alikwenda jikoni, akakaanga kaimati.

Nilikuwa namsaidia kuzitia shira, nikawa namwona anavyotazama kupitia mlango ulioachwa wazi. Mgeni alikuwa ameushika mkono wa Hanifa, amekiinamia kiganja, naye Hanifa amemkaribia sikio, anamnong'oneza jambo. Kisha wote wawili wakacheka. Nilimwona Mwanarusi akiukaza mwiko mkononi. Ulikuwa wivu ule ule, naujua, wa kunusa mashati; ila safari hii hapakuwa na jambo la kutafuta. Lote lilikuwa mbele ya macho yake, nalo lilikuwa la kweli.

Alipakua kaimati kwenye sahani ya kaure, akaichukua chumbani. Mikono ya Hanifa ilikuwa imeinuliwa juu, mibichi, myekundu. Mwanarusi alipiga magoti mkekani kama alivyozoea, akachukua kaimati moja, akaipuliza, akaipeleka mdomoni mwa bibi harusi.

Hanifa alimtazama bila chuki.

“Ahsante, wifi,” alisema. “Mpe yeye. Atanilisha.”

Mwanarusi akaigeuza sahani, akampa mgeni. Kisha akatoka, na alipofika kizingitini akaurudisha mlango taratibu hadi ukafungika.