Wazaliwa wa Tarehe Moja Julai

Anti Valda Murrin alikuwa na shabaha moja tu duniani, nayo ni kuzeeka. Simaanishi ule uzee wa kukaa barazani na kuwapa ushauri watu ambao hawakuuomba. Alitaka uzee wa karatasi, wenye muhuri wa serikali na pensheni kila baada ya wiki mbili. Kwetu Tilpara, upande wa Misheni tunakokaa sisi weusi, hiyo ilikuwa jeuri kubwa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuila pensheni ya uzee. Baba yake alikufa ana miaka arobaini na mmoja, mama yake hamsini na miwili, na kaka zake watatu hawakuionja hata hamsini.

Namba hizo alizijua kwa sababu ndiye aliyekuwa mpishi wa mazishi. Kwa miaka thelathini, kila maiti akishazikwa, watu huja ukumbini kula sandwichi zake za mayai na kari yake ya nyama ya kusaga. Naye katika kila mazishi huchukua kijitabu kimoja, vile vya kuchapishwa vyenye picha ya marehemu na tarehe zake, akakitia kwenye kopo la biskuti. Makopo yalishafika matatu. Wenzake wakisoma Biblia kabla ya kulala, yeye husoma vijitabu: arobaini na nane, thelathini na tisa, hamsini na mmoja. Ng'ambo ya barabara kuna makaburi ya wazungu, na huko mawe yanasema themanini na nne, tisini na mmoja.

"Wale wanakufa kwa kuchoka," aliniambia siku moja. "Sisi tunakufa mbiombio, utadhani tunawahi basi. Mimi, Joy, hilo basi linipite."

Tatizo ni kwamba serikali haikujua ana miaka mingapi, na kosa halikuwa lake. Mwaka 1962 Bibi Hallett, mke wa mwenye ranchi, aliambiwa awaandikishe shule watoto wa wafanyakazi wake weusi. Akawapanga mstari mbele ya jiko, kumi na wanne. Akamfungua wa kwanza kinywa, akamwangalia meno kama mtu anayenunua farasi, akaandika: amezaliwa tarehe 1 Julai 1957. Jua lilikuwa kali na chai yake ilikuwa inapoa. Waliobaki akawawekea vile vialama viwili vya "kama hapo juu", mpaka chini ya ukurasa. Ndivyo watoto kumi na wanne wa mama tisa walivyozaliwa siku moja. Mjomba Cec Tierney, binamu yake Anti, alisimama kwenye mstari ule ana miaka kumi na mmoja, akatoka ana mitano.

Basi kila tarehe moja Julai huokwa keki moja ukumbini, ikakatwa vipande kumi na vinne. Vipande vya waliotangulia hupewa mbwa, ndiyo maana mbwa wa Misheni wamenona kuliko sisi. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamebaki wawili, Anti Valda na Mjomba Cec. Kwa karatasi walikuwa na miaka sitini na mitano, na umri wa pensheni ulikuwa umefika sitini na saba. Anti alipokuwa kijana, umri wa wanawake ulikuwa sitini. Kila akiusogelea, nao unasogea mbele.

Mjomba Cec alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki alipakiwa kwenye gari la wagonjwa, kilomita mia moja na arobaini kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kwenda kusafishwa damu. Tilpara ina mashine mbili za kuosha magari, ya kuosha damu haina. Mwezi wa nne daktari akamwambia na moyo nao umechoka, kwa hiyo aanze kuaga polepole.

Anti alipopata habari hakulia, alipandwa na hasira. Alimkuta Mjomba barazani kwake anavuta sigara aliyokatazwa.

"Mwaka mzima na zaidi mpaka Julai ya pensheni! Utaweza kungoja, wewe?"

"Subira huvuta heri, Val."

"Subira yenu ndiyo imejaza makopo yangu ya biskuti! Ukifa kabla yangu nakupikia sandwichi kavu, wallahi."

"Afadhali kavu. Ile kari yako nusu yao ndiyo iliyowaua."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Lakini Anti hakucheka. Alisema jambo linalomuuma ni kwamba si mtoto wa '57, ni mtoto wa mafuriko ya '55, mama yake alimwambia hivyo, na nani atamwamini?

"Mimi nilikuwepo," Mjomba akasema. "Nilikuwa na miaka minne. Tulipanda juu ya paa la banda la kunyolea kondoo, mimi na mama yako, mpishi wao, tumbo liko puani. Wakaja wanaume wa ranchi na boti. Tukasema haya, tumeokoka. Kumbe walikuwa wanamfuata farasi jike mwenye mimba. Wakamvusha kwanza yeye kwenda kilimani. Mama yako akakuzaa palepale kwenye bati. Na yule farasi akazaa usiku huohuo."

Anti akainuka. "Farasi gani?"

"Yule mama wa Lord Hubert. Yule bingwa wa mbio, wa picha kubwa."

"Cec, mbwa wewe! Miaka yote hii hukusema! Ng'ombe wa maskini ndiye asiyeandikwa. Farasi wa tajiri lazima ameandikwa!"

Jumamosi nikawapakia wote wawili kwenye gari langu. Ranchi siku hizi ni nyumba ya wageni wa mjini wanaolipa ili walale palipokuwa na watumwa wa mshahara wa unga na chai. Mjukuu wa Bibi Hallett, Bi Philippa, ni mwanamke mwema, mwenye haya kidogo. Alituandalia skonzi na jemu, akatoa kabatini daftari la farasi lenye jalada la ngozi. Nilisoma mimi kwa sauti, maana miwani ya Anti ilikuwa ya duka la bei rahisi.

"Tarehe 26 Februari 1955. Amezaliwa dume, kahawia, paji jeupe. Daktari wa mifugo amekuja kwa ndege kutoka Sydney. Mama na mtoto salama." Chini yake, kwa wino uleule: "Kifungua kinywa kimechelewa. Mpishi amejifungua juu ya paa la banda usiku huu, mtoto wa kike. Yule mdogo wa Tierney, wa miaka minne, alikuwa naye, akipiga kelele."

Anti alicheka akishika meza. Mwenye daftari hakuwa amekusudia kuwaandika wao, alikuwa ananung'unikia mayai yake. Halafu akaitazama ile picha kubwa ya Lord Hubert ukutani.

"Aliishi miaka ishirini na minane," Bi Philippa akasema taratibu. "Kwa farasi ni mingi sana."

"Aliyemlisha alikuwa baba yangu," Anti akasema. "Yeye aliishi arobaini na mmoja. Kwa mtu ni michache, mwanangu."

Bi Philippa akawa mwekundu, akatupa nakala za ukurasa ule na skonzi zote zilizobaki.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya pensheni. Dada wa dirishani aliigeuza karatasi juu chini mara tatu.

"Samahani, hii ni kumbukumbu ya farasi."

"Ndiyo."

"Na wewe una uhusiano gani na huyu farasi?"

"Ni pacha wangu," Anti akasema. "Ila yeye alipata daktari."

Mjomba Cec alicheka mpaka ikabidi tumkalishe. Yule dada naye akauma mdomo, akapiga mihuri. Maombi mawili, la Anti na la Mjomba, yakapelekwa kwa wakubwa. Majibu ndani ya wiki kumi na mbili, alisema.

Tarehe moja Julai Mjomba alikuja ukumbini akiegemea fimbo, akala vipande viwili vya keki, chake na cha mbwa. "Leo si sikukuu yangu," akatangaza, "lakini siachi keki ya watu." Katika wiki ya kumi na moja, siku ya Jumatano, alifia kwenye gari la wagonjwa wakati wa kurudi, bado kilomita sitini kufika. Dereva alisema alidhani amelala.

Barua zilifika Ijumaa, mbili pamoja. Ya Anti ilisema tarehe yake imekubaliwa. Ya Mjomba ilisema hivyohivyo, na ikampongeza kwa kufikia umri wa kustaafu. Nilitaka kuichana. Anti aliikunja akaitia kifuani.

Mazishi yalikuwa Jumamosi iliyofuata. Asubuhi nilipofika jikoni nikakuta mikate haijakatwa na mayai hayajamenywa. Anti alikuwa amekaa juu ya kreti la soda na kalamu ya wino mweusi. Vijitabu vilikuwa vimechapishwa kwa kufuata cheti chenye ile tarehe ya Bibi Hallett: miaka sitini na sita. Viko mia mbili. Alikuwa anakata sitini na sita na kuandika sabini na miwili, kimoja baada ya kingine, na mkono umemvimba.

"Anti, watu watakula nini?"

"Watangoja. Kwenye makopo yangu hamna mzee hata mmoja, Joy. Huyu ni mzee. Nipe lile bunda jingine."

Kanisani, jeneza likiwa limeshainuliwa mabegani, mchungaji alisoma kama ilivyoandikwa: ametutoka akiwa na miaka sabini na miwili. Kisha mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Alaa, kumbe tulikuwa na mzee!" Mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine, kanisa zima, hata waliobeba jeneza, wale wenye mkono mmoja huru wakijipiga mapajani. Sijawahi kuona watu wanampigia makofi maiti kwa kuwa na umri.

Tuliporudi ukumbini meza zilikuwa tupu. Binamu yangu Darryl, mlafi asiye na aibu, akaja mpaka mlango wa jikoni. "Anti, chakula kimechelewa!"

"Kama una malalamiko ya chakula," Anti akamjibu, "kaandike kwenye daftari la farasi."

Kisha akaketi tena juu ya kreti, akajifunika uso kwa aproni na kulia kwa sauti, na mimi nikaenda kupaka mikate siagi.