Nilivyompeleka mama kijiji cha utamaduni ili aamini simpigi mke wangu

Wakuu, heshima zenu. Hii sikusimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Kampala, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni Mkenya, nauza vipuri Katwe, naishi Nsambya. Mke wangu ni Muganda wa Lubaga.

Mama alikuja kututembelea kutoka Machakos. Tangu siku ya kwanza ananiangalia kwa jicho baya, mwisho akanivuta pembeni.

"Huyu mtoto wa watu umemfanyia nini? Kila akitusalimia anapiga magoti!"

Nikamwambia kwao ndiyo salamu, ni heshima.

"Hata mjomba wako alikuwa anasema ni heshima."

(Mjomba alikuwa anampiga mkewe, ukoo mzima unajua.)

Wakuu, iliniuma. Sijawahi kumwinulia mke wangu mkono.

Jumamosi nikampeleka mama kijiji kimoja cha utamaduni nje kidogo ya mji, vile vya nyumba za nyasi na ngoma. Nikasema akajionee mwenyewe.

Dada aliyetupokea akapiga magoti, tabasamu hadi masikioni. Mama akamshika mkono kumwinua! Wageni wengine wakacheka. Kisha akaninong'oneza, "Huyu analipwa."

Ngoma zikapigwa, matoke yakaletwa kwenye majani ya mgomba, mama kanuna tu. Nikajua safari imekwenda na maji.

Tunatoka, na yule dada kamaliza kazi. Kavaa jinzi, mkoba begani. Nje ya geti kuna bibi anauza ndizi.

Dada akashuka magoti palepale kwenye vumbi. Wakasalimiana salamu ile ndefu ya Kiganda, wanataniana, wanacheka. Hakuna kamera, hakuna shoo.

Mama akasimama kuwatazama. Dada alipotuona akamwonyesha yule bibi, akamwambia mama kwa heshima, "Nyabo, huyu ni mama ya bwana yangu. Kijiji yetu imekufurahisha?"

"Sasa ndio nimefurahi," mama akajibu.

Nilichojifunza: wenye vijiji hivi wanahangaika na ngoma ili mgeni aridhike, kumbe wangu aliridhishwa na kitu ambacho hakimo kwenye tiketi.

Jioni mke wangu akapiga magoti kama kawaida. Mama hakumwinua. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akaitikia salamu yote.

Kisha akanigeukia. "Lakini wewe bado nakuangalia."

Wenye mama wakali kama wangu, uwanja ni wenu.