Mlango wa Behewa la Mwisho

Video ilinifikia dukani, mjini kati, ninakobadilisha vioo vya simu. Reli moja ya mashambani huko Japani ilikuwa inafungwa, na watu walikuwa wamekuja kuiaga. Behewa moja tu, la njano, likipita kati ya mashamba ya mpunga. Wazee wenye vibendera. Dereva alishuka, akavua kofia, akaiinamia stesheni. Niliirudia na kuirudia, hadi mteja akaniuliza kama simu yake imekufa au naiombea.

Jioni nilimwonyesha mama, chumbani kwetu, mtaa wa Greyville. Nilidhani ataguswa. Aliishika simu mbali na uso, akatazama hadi mwisho, kisha akauliza, "Behewa moja. Na wale wa nyuma walikwenda wapi?"

Hakuwa akiuliza habari za Japani.

Stesheni yetu ilikuwa porini, magharibi ya Ziwa Tanganyika, na treni ndiyo iliyoifanya iwe mji. Wanawake waliouza chakula hawakugombea madirisha kama nilivyoona kwingine. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa behewa. Treni ilipoanza ikiwa fupi, waliotangulia walichukua milango ya mbele. Kila behewa lilipoongezwa, mwanamke mwingine alipata pa kusimama, na mahali hapo alimrithisha binti yake. Bibi yangu alifika wakati treni imekuwa ndefu kuliko jukwaa lenyewe. Akapewa mlango wa behewa la mwisho, akasimama kwenye changarawe. Baada yake akasimama mama, na bukari yake, ugali wetu wa muhogo, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vimefungwa kwenye majani ya ndizi. Mlango ule ndio ulionisomesha hadi nikamaliza sekondari.

Walipoondoa behewa la mgahawa, wanawake walishangilia: sasa abiria wote watakula kwetu. Hatukujua kwamba hivyo ndivyo treni inavyoanza kufa. Baadaye behewa lililopelekwa karakana halikurudi, na jingine likafuata. Wakipunguza, walipunguza nyuma. Treni ikawa inasimama kule mbele, watu wananunua na kula, na mama amebaki na beseni lake akitazama reli tupu.

Mwenye mlango wa kwanza, karibu na injini, alikuwa rafiki yake tangu utoto. Walisukana nywele kila Jumapili baada ya misa. Mama alimwomba wapokezane: safari hii wewe, safari ijayo mimi. Yule hakukasirika. Aliendelea kupanga mafungu yake.

"Mahali pa mama yangu si benchi la kanisa, dada," alisema. "Ukinisogeza wewe leo, kesho watanisogeza wote."

Kwa desturi yetu alikuwa na haki. Ndiyo maana mama hakumsamehe.

Walikaa majirani miaka yote iliyofuata bila salamu. Treni ikawa ya mizigo, abiria wamekalia magunia; halafu ikawa uvumi; halafu hata uvumi ukaisha. Hakuna aliyekuja kutuambia. Hakuna aliyetuvulia kofia. Mkuu wa stesheni alifagia jukwaa muda mrefu, kisha akalima mahindi kando ya reli, naye asilaumiwe, alikuwa na watoto. Mimi niliondoka kwa miguu nikifuata reli hiyohiyo, na tangu hapo sijatulia mji mmoja: Lubumbashi, Lusaka, Harare, na sasa hapa Greyville, kusini zaidi, ambapo nimeanza tena kuulizia nauli za kwingine. Baba alipofariki nilirudi kumchukua mama. Aliondoka bila kumuaga jirani yake.

Kesho yake, baada ya kumwonyesha mama, nilimtumia yule mwenye mlango wa kwanza ile video kupitia simu ya mjukuu wake. Nilitaka wapatane kabla mmoja hajamzika mwenzake. Jibu lilikuja Jumapili, la sauti, tukiwa tumetoka kanisani.

"Mwambie mwenzangu nimeona. Miye bado naendaka pale stesheni. Mlango yangu iko wazi. Akuje, tusimame wote wawili."

Mama aliomba niirudie. Huko chini teksi zilikuwa zinapigiana honi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayetafuta kitu ndani ya sauti ile, si ndani ya maneno.

"Mlango wa treni gani?" akasema.

Nikamwambia anaweza kumjibu mwenyewe, aseme lolote, mimi nitashika kitufe. Nikamsogezea simu mdomoni. Alivuta pumzi. Midomo ilifunguka, nami nikabonyeza kitufe.

"Sauti yake imezeeka," alisema, lakini alinitazama mimi, si simu. Kisha akainuka. "Papa," akaniita, kama kwetu mama anavyomwita mwanawe, "sombe itaungua."

Nilifuta kile kipande nilichorekodi. Kilikuwa na sauti ya teksi na yale maneno yake matatu kuhusu sauti iliyozeeka, na hayakuwa yangu kuyatuma. Nilimsikia jikoni akikwangua chini ya sufuria. Alama ya ujumbe wa mwenzake, ya kuonyesha umesikilizwa, ilikuwa imekwishageuka buluu. Huko kwetu, mjukuu atakuwa amemwambia bibi yake kwamba tumesikia.