Shangazi Ndani ya Beseni

Nilipomwomba shangazi yangu aniletee gundi ya mgunga kutoka Handeni, alidhani nimevunja kitu. Alikuja Korogwe kwenye harusi ya mdogo wangu, akafikia kwangu Masuguru na mfuko uliojaa madonge ya rangi ya asali, mengine yangali na magome. Baada ya shikamoo na habari za safari, nikamwambia nataka kuchapa picha yake kwa jua. Picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho, na alilalamika kwamba humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

Nilimpiga picha kwa simu, nikatengeneza negativu, yaani picha iliyogeuzwa weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi, kwenye plastiki angavu. Kisha nikayeyusha gundi, nikaichuja na kuichanganya na unga laini wa mkaa. Mwishoni nikavaa glavu na kutia daikromati, chumvi ya rangi ya chungwa. Ni sumu, kwa hiyo nilimtaka shangazi akae mlangoni. Nilimweleza kwamba gundi yenye dawa hiyo ikipigwa na jua hukaza, maji hayaiwezi tena. Pale negativu inapozuia mwanga, hubaki laini na kuoshwa.

Nikaipaka kwenye karatasi nzito, ikakauka gizani, nikalaza negativu juu yake, nikafunika kwa kioo na kuitoa uani. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani. Nilipoizamisha karatasi kwenye beseni, uso wote ukateleza ukaenda na maji.

Shangazi akachungulia kutoka mlangoni. “Mwanangu, umeninawisha mpaka nimeisha.”

Kesho yake jua lilichoma, nikatoa karatasi nyingine uani. Tukaingia ndani kula wali, maongezi ya harusi yakanoga, nikaisahau. Safari hii gundi ilikaza yote, karatasi ikabaki nyeusi tii hata niloweke vipi. Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa, lakini alisema haondoki Korogwe kabla hajajiona.

Harusi ilipopita tukajaribu tena. Mara hii sikubanduka uani, naye akakaa kwenye kigoda akifukuza kuku wasipande juu ya kioo. Niliitoa juani mapema kuliko mara ya pili, nikailaza kifudifudi majini. Maji yakawa ya kijivu. Nilipoigeuza, weupe wa kitambaa chake cha kichwani ulikuwa umeshatokea, kisha mashavu, kisha meno. Alikuwa ameniagiza nimpige akiwa amenuna kiheshima, lakini simu ilimnasa akicheka.

Nikaiosha mpaka maji yakawa safi, nikaianika, ndipo nikamruhusu asogee. Akainama, akaitazama kwa karibu.

“Huyu ni mama,” akasema taratibu. “Mama yangu hasa.”

Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na hakuacha picha hata moja. Nikamwomba shangazi anieleze zaidi, naye akanionyesha paji la uso, na jinsi jicho la kushoto linavyojifinya anapocheka, kama la bibi. Nikagusa langu. Nalo hujifinya hivyo hivyo.

Tulikaa pale uani mpaka jioni akinisimulia jinsi bibi alivyokuwa mwingi wa utani, alivyowahi kumficha mgeni viatu ili asiondoke kabla ya chakula. Alipokuwa akifungasha kurudi Handeni, aliniagiza nichape nyingine kama ile anayoondoka nayo, ibaki ukutani kwangu.