Kovu la Fundi Jairos

Jairos Kalaba alikuwa fundi cherehani pale Nchelenge, kwenye baraza la duka moja karibu na soko la samaki. Usoni alikuwa na kovu refu, kutoka jicho la kushoto hadi kwenye taya. Ndoana ya kaka yake ilimchana wakiwa wadogo. Watu walishalizoea, naye alikuwa amelisahau, mpaka asubuhi moja ya mwaka hamsini na sita, mgeni kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, alipomwinamia begani kama mteja.

"Patson," alinong'ona. "Simama. Ukilia, hii kisu inaingia."

"Mimi si Patson, tata. Mimi ni Jairos."

"Njo vile kila muuaji anasemaka. Uliua mudogo yangu. Tembea."

Wakatembea katikati ya wanawake walioanika samaki. Jirani yake Chileshe akamwuliza kama suruali yake iko tayari. "Kesho," Jairos akajibu bila kusimama, maana ncha ya kisu ilikuwa ubavuni. Alimfikiria mkewe Matildah, atakayesonga ubwali wa muhogo na kumngoja bure.

Kwenye matete palikuwa na mtumbwi, na ndani yake bibi kizee aliyevaa nguo za msiba.

"Mama, wewe njo ulimuona. Ni huyu?"

Bibi akamshika Jairos kidevu, akamgeuzia uso juani. Mkojo wa moto ukamshuka fundi mguuni, wala hakuona aibu.

"Haiko yeye," bibi akasema hatimaye. "Ule kovu yake iko kuume."

Kisu kikashuka. "Basi unamujua ule mwingine?"

Alimjua. Patson wa kijiji cha Puta, mchuuzi wa samaki, alikuwa mteja wake. Lakini ubavu bado ulikuwa ukimwasha, na hakuweza kumsukuma mtu mwingine kwenye njia ile aliyotoka kuipita.

"Simjui."

Wakamwachia. Nyumbani alimweleza Matildah peke yake.

"Nenda boma kwa polisi ukaseme," mkewe akamsihi.

"Boma watamkamata Patson, naye atajua nani kamtaja."

Wiki haikwisha, Patson akaja na kaptula iliyochanika. Jairos alijaribu kutunga uzi, ukamshinda.

"Watu wa ng'ambo wanakutafuta," akasema bila kuinua macho.

Patson hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

Patson akachukua kaptula yake vilevile ilivyochanika, akaenda zake. Nchelenge haikumwona tena.

Kabla ya mvua Jairos alihamishia cherehani Mwansabombwe. Huko alishona miaka mingi, mgongo ukutani, uso barabarani. Wateja walidhani anatafuta mwanga. Matildah alijua kwamba mumewe hamwogopi tena yule mwenye kisu. Anamwogopa yule aliyeondoka kimya na kaptula yake, akijua kwamba fundi anaijua siri yake.