Bobini za Kitambaa Chekundu

Nilitoka kambi ya wakimbizi na kibali mkononi, nikapokewa mtaa wa Kasingirima na mama mmoja fundi cherehani. Hatukuwa ndugu. Yeye alikimbia Burundi zamani, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, na kwa kuwa alinisalimia kwa Kirundi, nilimwita mama tangu siku hiyo. Barazani alikuwa na cherehani mbili za kupiga kwa miguu, zinazofanana kabisa. Moja alikalia yeye, nyingine akanipa mimi nijifunzie.

Kila asubuhi, baada ya kuamkiana, alifungua kopo lake la bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, akanipa mbili. Mwanafunzi hakuruhusiwa kutia mkono humo. Zangu zilifungwa kando katika kitambaa chekundu, nami nikadhani ni upendo, jinsi mzazi anavyotia alama kikombe cha mwanawe. Nilipokea kwa mikono miwili bila kuzitazama. Aliyewahi kupanga foleni ya mgawo atanielewa. Ukitiliwa maharage kwenye ndoo huinami kukagua kama yana wadudu. Unashukuru, unasogea.

Mshono wangu ulipendeza juu, lakini chini uzi ulijisokota mafundo matupu. Mama aliugeuza, akatikisa kichwa.

"Mwana wanje, mwanangu, mguu wako una pupa."

Basi nikauonea haya mguu wangu mwaka mzima. Hata nikimenya mihogo niliukanyaga chini polepole, kuufundisha adabu. Kazi za wateja alishona yeye. Mimi nilifumua, nikapiga pasi, nikashona vifungo.

Kisha parokia ikapata cherehani moja ya kumpa msichana wa kambini atakayeshona shati la shule bila dosari. Niliitaka mashine ile kuliko chakula. Ningerudi nayo kwa mama yangu mzazi, tukaacha kuuza nusu ya unga wa mgawo ili tupate sabuni. Kila msichana aliambiwa aje na bobini zake. Mama fundi alinizungushia uzi mwenyewe, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea.

Nilishona kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao. Nikageuza shati: mafundo. Mashine ikapewa mwenzangu, nikaiona ikipakiwa garini.

Msimamizi, mama mmoja aliyetokea Tanga, alinihurumia. Akachomoa bobini yangu, akaiweka mezani kando ya yake.

"Yako fupi, binti. Inapungua unene wa ukucha tu, lakini hii si ya cherehani ya aina hii. Inachezacheza mle ndani, uzi utakosaje kujisokota? Nani alikuchagulia?"

"Mama. Lakini hakujua," nikamtetea.

Nilipofika nyumbani, mama fundi alikuwa amekwenda ufukweni Kibirizi kununua dagaa. Kwa mara ya kwanza nikatia mkono kwenye kopo. Zake zote zilikuwa ndefu. Nikaweka moja kwenye cherehani yangu, nikapiga mshono juu ya kitambaa kibovu, nikageuza. Chini kulikuwa safi kama juu. Mguu ulikuwa ule ule. Fupi zilikuwa ndani ya kitambaa chekundu tu, wala hazikujitenga zenyewe. Mtu wa kwetu, wa lugha yangu!

Aliporudi alikuta kopo wazi. Akaweka dagaa chini taratibu.

"Niliwafundisha wawili kabla yako," alisema. "Walipojua kazi wakaondoka. Hata salamu hawaniletei." Alisema kana kwamba mkosaji ni mimi.

"Na ile sala?" nikamuuliza.

Alichukua ungo, akaanza kuchambua dagaa.

Asubuhi alifungua kopo kama kawaida, akaninyooshea bobini mbili. Mikono yangu yote miwili iliinuka yenyewe, na neno la shukrani lilikuwa limeshafika mdomoni. Safari hii nilitazama kwanza. Zilikuwa ndefu, zenyewe hasa. Nilizirudisha kiganjani mwake, nikachukua kibali changu, nikaenda kambini mikono mitupu, kumweleza mama aliyenizaa kwamba mguu wangu haukuwa na kosa.