Tarabe za Bi Zuhura

Juzi nilimwona fundi akitupa dirisha kuukuu la mbao pale Makadara, nikamkumbuka Bi Zuhura, jirani yetu aliyetoka Mombasa. Alasiri moja, nikiwa mtoto, aliniachia nyumba yake aende sokoni. Chumba kilinukia udi, na redio ilikuwa ikicheza taarabu.

"Mvua ikija, funga tarabe," aliniagiza.

Mimi nilidhani amesema taarabu. Sikushangaa, kwani hata mama alitukataza redio wakati wa radi. Matone ya kwanza yalipogonga bati niliifunga redio upesi, nikaikumbatia, nikatazama mvua ikiingia dirishani na kulowesha godoro lake jipya.

Aliporudi alilitazama godoro, akaitazama na redio kifuani pangu. Kisha akashika zile mbao mbili za kufungia dirisha, ambazo sasa najua ndizo tarabe.

"Kwenu hizi mwaziitaje?"

"Dirisha."

"Na hili komeo?"

"Dirisha."

Akagusa bawaba iliyoshika kutu. "Na hii?"

Nilifikiri sana, maana nilitaka kumridhisha.

"Dirisha," nikasema, "lakini dogo."

Bi Zuhura alicheka mpaka akaketi juu ya godoro lililolowa.